Miguu ya Kazi: Mwongozo wa Mzunguko wa Damu kwa Wafanyakazi wa Kilwa na Pwani ya Lindi

Kuanzia Somanga hadi Mchinga, mtu akilalamikia miguu jioni husema damu haitembei. Husema hivyo mama aliyerudi kwenye mwani na vifundo vimevimba, mlinzi aliyekesha amesimama getini, dereva wa basi anayeshuka Nangurukuru akichechemea, na mzee ambaye nyayo zake zimekufa ganzi tangu masika. Kauli ni moja, lakini magonjwa yaliyo nyuma yake ni mengi. Yapo yanayotulia mtu akibadili tu namna ya kusimama na kukaa kazini, na yapo ambayo yakicheleweshwa mguu hukatwa. Mwongozo huu umekusudiwa kumsaidia mfanyakazi na msimamizi wake kuyatenganisha, kufanya yale yanayowezekana kazini na nyumbani, na kujua ni lini hakuna tena cha kufanya nyumbani.

Damu inavyoshuka na inavyopanda

Mwili wa mtu mzima una takriban lita 5 za damu, na moyo uliotulia husukuma karibu kiasi hichohicho kila dakika. Damu huenda mwilini kwa mishipa ya ateri, ikisukumwa na moyo wenyewe. Ateri zikiwa safi na wazi, safari ya kwenda haina taabu. Taabu iko kwenye kurudi. Damu iliyofika unyayoni inatakiwa ipande zaidi ya mita moja hadi kifuani kupitia mishipa ya vena, na huko chini nguvu ya moyo imeshapungua sana. Anayeipandisha ni msuli wa kigimbi. Kila unapokanyaga, kigimbi hukaza na kuzibana vena zilizo ndani yake, damu ikapanda. Kikilegea, vena hujaa tena kutoka chini. Ndani ya vena hizo mna vali ndogondogo zinazofanya kazi kama mdomo wa dema: kilichoingia hakitoki kwa njia kiliyopitia.

Tofauti ya kusimama na kutembea inapimika. Mtu mzima akisimama tuli, shinikizo ndani ya vena za kifundo cha mguu hufika karibu milimita 90 za zebaki. Akianza kutembea, baada ya hatua chache tu hushuka hadi 30 au chini ya hapo. Ndiyo maana mchuuzi anayezunguka na ndoo ya samaki kutwa anaweza kulala bila maumivu, wakati mwenzake aliyesimama nyuma ya meza ya duka saa zilezile analala na miguu juu ya mto. Mguu unaumizwa zaidi na kutulia kuliko na kazi. Wengi wetu tunafikiri kinyume chake, na tukishauriwa kupumzika tunakwenda kukaa kitako kwenye kigoda, miguu ikining'inia vilevile.

Vali zikichoka au kuharibika, damu huteremka tena na kutuama. Dalili huja polepole: miguu mizito jioni inayopungua asubuhi, alama ya soksi au kamba ya kandambili inayobaki kwenye ngozi, mishipa iliyovimba na kujipinda nyuma ya goti. Miaka ikipita, ngozi ya juu ya kifundo upande wa ndani hugeuka kahawia iliyoiva, hukakamaa na kuwasha, kisha mkwaruzo mdogo hugeuka kidonda kisichofunga. Wanawake waliozaa mara nyingi, watu wanene, na wale ambao wazazi wao walikuwa na mishipa ya namna hiyo wako karibu zaidi na tatizo hili. Hakuna aibu ndani yake, wala haihusiani na damu chafu.

Kazi za pwani yetu na mguu

Tuanze na mwani, kwa sababu ndiko malalamiko yaliko mengi. Wakulima wa Songo Mnara na vijiji vingine vya pwani hushuka baharini maji yakipwa sana, siku za bamvua, na wengi huamini kwamba uvimbe wa miguu unatokana na baridi ya maji. Maji hayana kosa hilo. Mtu akisimama kwenye maji yaliyomfika magotini au kiunoni, maji yenyewe huubana mguu kutoka nje na kuisaidia damu kupanda. Uvimbe huanza baadaye, ufukweni au barazani, pale anapokaa saa tatu au nne akifunga mbegu kwenye kamba, magoti yamekunjwa kabisa na kigimbi kimelala chini ya paja. Vena ya nyuma ya goti hapo imekunjwa kama ilivyokunjwa miguu.

Marekebisho yake ni madogo. Anayefunga mbegu anyooshe miguu mbele, mgongo ukiwa umeegemea mti, ukuta au mwenzake, na abadilishe mkao kila anapomaliza kamba moja. Kati ya kamba na kamba asimame, ashike nguzo, ainue visigino hadi asimamie vidole, ashushe, arudie mara 20. Kikundi kinaweza kumweka mmoja wao awe mwenye kutangaza. Akisema "visigino", wote wanasimama. Linachekesha siku ya kwanza, baada ya hapo linazoeleka.

Kwenye mashamba ya chumvi hali ni tofauti. Mkwanguaji anatembea, anavuta reki, anasukuma toroli, kwa hiyo kigimbi chake kinafanya kazi. Adui yake ni ngozi. Maji makali ya chumvi hukausha nyayo zikapasuka, na mguu ambao damu yake hairudi vizuri huchelewa kuponya mpasuko wowote. Buti za mpira zisizovuja si anasa kwenye kazi hii. Baada ya zamu miguu isuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe hadi katikati ya vidole, ipakwe mafuta ya nazi au ya mgando, isipokuwa katikati ya vidole ambako unyevu huzaa fangasi. Jua la kwenye majaruba hukausha mwili pia, na mwili uliopungukiwa maji damu yake huwa nzito zaidi na huganda kwa urahisi zaidi. Kunywa kabla kiu haijafika. Rangi ya mkojo ndiyo kipimo: ukiwa wa manjano iliyokolea, umechelewa.

Walinzi, wauza maduka, walimu, wauguzi na wapishi wa hoteli za Kilwa Masoko na Lindi mjini husimama mahali pamoja. Anayelazimika kusimama aweke tofali au kipande cha gogo mbele yake na kupokezanya miguu juu yake, mguu mmoja ukipanda mwingine unafanya kazi. Mama lishe anayekaa kwenye kigoda kifupi au juu ya mbuzi ya kukunia nazi apate kigoda kirefu kidogo, magoti yasipande juu ya nyonga. Kinyozi na fundi cherehani wamependelewa kidogo: kinyozi anazunguka kiti, na cherehani ya kukanyaga ni mazoezi ya kigimbi ambayo mtu analipwa kuyafanya. Fundi aliyehamia kwenye cherehani ya umeme amepoteza zoezi hilo bila kujua.

Mvuvi wa usiku ana la kwake. Msimu wa kusi, upepo na nguo mbichi hufanya mishipa midogo ya vidole vya mikono isinyae, vidole vikapauka na kufa ganzi. Nguo kavu zilizofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, kofia, na chai ya moto badala ya sigara vinamaliza sehemu kubwa ya shida hiyo. Vidole vikigeuka vyeupe hata mchana wa jua, hasa kwa aliyefanya kazi miaka mingi na msumeno wa mashine au mashine ya kutoboa, apimwe.

Safari ndefu

Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa wa tabaka moja, ndani ya basi moja. Makondakta, waliopanda na kushuka ngazi kutwa kukata tiketi, walipata magonjwa ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Tangu hapo ushahidi umerundikana upande uleule. Dereva wa basi la Dar es Salaam hadi Lindi, safari ya zaidi ya kilomita 400, naye anakaa kwenye kiti kutwa kama dereva wa London wa miaka ile.

Hatari ya pili ya kukaa ni damu kuganda ndani ya vena ya mguu. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba safari ya saa 4 au zaidi ya kukaa huongeza hatari hiyo takriban mara mbili, iwe ndege, basi au gari dogo. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo, lakini hukua kwa mjamzito, aliyejifungua karibuni, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye saratani, na aliyewahi kuganda damu zamani. London ilipokuwa ikipigwa mabomu mwaka 1940 na watu wakikesha wamekaa kwenye viti vya turubai ndani ya mahandaki, daktari Keith Simpson aliandika kuhusu vifo vya ghafla vya watu ambao damu iliganda miguuni, kipande kikakatika na kupanda hadi mapafuni. Ukingo wa kiti ulikuwa ukibana chini ya paja usiku kucha.

Habari hiyo ya kale inatuhusu. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara kuu maeneo ya Somanga, abiria wa Lindi na Mtwara walikwama njiani. Katika hali ya namna hiyo mtu hung'ang'ania kiti chake kwa kuogopa kukipoteza. Shuka. Tembea kando ya barabara, hata ukizunguka basi tu. Ndani ya basi linalokwenda, vua viatu kidogo, kanyaga sakafu kwa vidole kisha kwa visigino, dakika mbili kila nusu saa. Mfuko usiuweke chini ya miguu ukakunyima nafasi ya kuinyoosha. Na usikwepe kunywa maji kwa hofu ya kutafuta choo. Basi likisimama Nangurukuru kila mtu anashuka, na kushuka huko ndiko tunakokutafuta.

Si kila ganzi ni damu, si kila uvimbe ni damu

Hapa ndipo mwongozo unapotaka umakini zaidi, maana makosa makubwa hufanyika katika kutaja ugonjwa.

Ateri zikiwa zimeziba kwa mafuta na ukakamavu, dalili yake ni tofauti na ya vena. Kigimbi huuma mtu akitembea, hasa kupanda mlima, na maumivu huisha akisimama dakika chache. Akianza tena, hurudi kwenye umbali uleule. Jipime kwa nguzo za umeme. Kama miezi iliyopita ulikuwa ukipita nguzo kumi kabla hujasimama na sasa ni tano, huo ndio ujumbe wa kumpelekea daktari. Mguu wa namna hiyo huwa wa baridi kuliko mwenzake, kucha hunenepa, vidonda huanzia kwenye vidole au kisigino, na usiku mgonjwa huona nafuu akiuning'iniza kitandani. Mwenye ateri zilizoziba hafai kuvaa soksi za kubana wala kuinua mguu juu kwa muda mrefu; hiyo ni tiba ya vena, na kwake ni madhara.

Pigo la damu la mguu unaweza kulitafuta mwenyewe. Kaa, vua kiatu, weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya mgongo wa unyayo, kwenye bonde linaloanzia kati ya dole gumba na kidole cha pili kuelekea kifundoni. Gusa polepole, ukikandamiza unalizima. Usitumie gumba la mkono, lina pigo lake mwenyewe litakalokudanganya. Usipolipata, jaribu nyuma ya mfupa wa kifundo upande wa ndani. Baadhi ya watu wenye afya kamili hawana pigo la juu ya unyayo tangu kuzaliwa, kwa hiyo kukosa moja si hukumu. Kukosa yote mawili, kwenye mguu wa baridi unaouma, ni sababu ya kwenda hospitali leo. Kwa ngozi nyeusi rangi ya juu haitoi habari nyingi. Angalia nyayo na kucha. Bana ncha ya kidole hadi ipauke, achia: rangi irudi ndani ya sekunde mbili au tatu.

Ganzi na nyayo kuwaka moto, hasa zikianza vidoleni na kupanda taratibu kwa miguu yote miwili, mara nyingi ni neva zilizoharibiwa na sukari. Hapa madhara hutokana na kutokuhisi. Mtu anakanyaga chaza au kipande cha mwamba, anarudi nyumbani na kidonda hajakijua. Mwenye kisukari akague miguu kila usiku kwa tochi ya simu, juu, chini na katikati ya vidole. Chini ya unyayo atumie kioo au mtoto amtazamie. Asitembee pekupeku, hata mchangani, hata uani. Atie mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Na maji moto ya kukandia asiyaguse: nyayo zisizohisi zimeungua kwenye mabeseni mengi ya nia njema.

Ganzi ya sehemu moja yenye baka lililopauka lisilohisi mguso ni jambo jingine kabisa. Ukoma bado upo katika mikoa ya kusini. Dawa zake hutolewa bure na zinaponya, na anayewahi haachi kidole chochote nyuma.

Kisha matende. Mkoa wa Lindi umeyajua matende na busha kizazi kwa kizazi, na hadi leo mguu wowote uliovimba hupewa jina hilo, au kinyume chake, mguu wa matende husemwa kuwa ni damu iliyokwama. Mishipa inayoziba kwenye matende si ya damu bali ya limfu, na kinachoiharibu ni minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Tanzania Bara ilianza mpango wa kugawa dawa kwa jamii nzima kisiwani Mafia mwaka 2000, kwa vidonge vya ivermectin na albendazole, ukaenea pwani yote. Vidonge hivyo hukata maambukizi. Havirudishi mguu uliokwisha kunenepa. Unaousaidia zaidi ni usafi: kuosha kwa sabuni na maji ya kawaida kila siku, kukausha mikunjo yote kwa kitambaa laini, kutibu mipasuko ya vidole, kuinua mguu ukilala, kuzungusha kifundo, kuvaa kiatu. Homa za mara kwa mara za mguu huo hupungua sana kwa utaratibu huo. Busha nalo lina tiba, na tiba yake ni upasuaji. Mwanamume anayeficha busha chini ya msuli miaka kumi anajinyima kazi aliyoweza kuifanya miaka hiyo yote.

Miguu yote miwili ikivimba pamoja na pumzi kukata usiku ukilala chali, tafuta daktari wa moyo. Uso ukivimba asubuhi na mkojo ukitoa povu, fikiria figo. Mjamzito aliyevimba uso na mikono, anaumwa kichwa na kuona nyota, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Na mtu anayechoka, anayepauka viganja na kuhema akipanda kilima kidogo anaweza kuwa na damu pungufu tu, kutokana na malaria, safura au hedhi nzito. Huyo mzunguko wake ni mzima, kinachokosekana ni damu yenyewe.

Chumvi, tumbaku na sahani

Mkoa wetu unavuna chumvi na kuuza, na unaila kwa wingi vilevile. Ng'onda, papa mkavu na dagaa waliotiwa chumvi vimo katika mboga ya kila siku, na mpishi huongeza nyingine sufuriani. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai kwa vyote utakavyokula tangu asubuhi. Hakuna haja ya kuacha ng'onda. Umloweke usiku, umwage maji, umchemshe mara ya kwanza na kumwaga tena, kisha upike bila chumvi nyingine. Ndimu, pilipili na tui vitafanya kazi iliyobaki. Mbaazi, choroko, kisamvu, samaki mbichi na matunda ya msimu ni chakula kizuri cha mishipa, na havihitaji kuagizwa kutoka mbali.

Presha haina dalili. Anayesema "nikipanda presha najua" hajui. Ipimwe mara moja kwa mwaka kwa kila aliyefikisha miaka 40, na mapema zaidi kama mzazi alikuwa nayo. Ikirudia 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, ni ugonjwa, na dawa zake hazikomi kwa sababu umejisikia vizuri. Sigara hubana ateri kila inapovutwa na kuzikwaruza ndani kwa miaka. Kwa mtu mwenye maumivu ya kigimbi akitembea, kuacha tumbaku kunazidi nguvu ya kidonge chochote atakachoandikiwa. Mtu huyo anatakiwa pia atembee, ingawa linashangaza: aende hadi maumivu yawe makali, apumzike yapoe, aendelee, jumla ya nusu saa au zaidi, mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu. Umbali huongezeka kwa wengi.

Ramadhani, anayefanya kazi ya jua agawanye maji kati ya futari na daku badala ya kuyabugia mara moja, na apunguze chumvi kwenye daku. Mwenye kisukari, presha inayosumbua au historia ya kuganda damu azungumze na mhudumu wa afya wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa ajili ya saa za dawa.

Kuchua, kuumika na dawa za stendi

Kuchua miguu iliyochoka kwa mafuta ya nazi, kutoka kifundoni kwenda juu, kunatuliza na hakuna ubaya. Mwiko ni mmoja: usiuchue mguu mmoja uliovimba ghafla, unaouma na wenye joto. Huenda ndani yake kuna damu iliyoganda, na mkono wako ndio utakaoisukuma kwenda mapafuni.

Kuumika ni desturi ya zamani pwani na wapo wanaoona nafuu ya maumivu. Haifungui ateri wala haitengenezi vali. Mwenye kisukari, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye damu pungufu asiumikwe. Kitunguu saumu, tangawizi na mdalasini viendelee kuliwa kama viungo; aliye kwenye dawa za damu asivinywe kwa vikombe bila kumwambia daktari. Ama chupa zinazouzwa kwenye mabasi na stendi kwa jina la kusafisha mishipa, hakuna kinywaji kinachosugua ndani ya ateri kama bomba la maji. Ulizia usajili wa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba au wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na muuzaji akianza kupaza sauti badala ya kujibu, umeshajibiwa. Aspirini nayo usijiandikie.

Haki kazini, na pasipo na mwajiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, na saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya anaowaajiri. Kiti cha mlinzi, buti za mkwanguaji na ruhusa ya muuza duka kutembea dakika mbili kila saa ni mambo ya kuomba kwa maandishi, kwa heshima, kupitia kiongozi wa wafanyakazi. Msimamizi anayeondoa viti ili watu wasilale anapata wafanyakazi wasiolala na wasioweza kutembea. Mkulima wa mwani, mvuvi na mama lishe hawana wa kumwandikia barua, kwa hiyo makubaliano hayo wayafanye ndani ya kikundi chao.

Usingoje

Mguu uliogeuka baridi na kupauka ghafla, unaouma vikali na hauna pigo, una takriban saa 6 kabla misuli haijaanza kufa. Mguu mmoja uliovimba ndani ya siku moja au mbili, hasa baada ya safari, uzazi au upasuaji, uonwe siku hiyo; ukifuatiwa na pumzi kukata, kifua kuchoma au kukohoa damu, ni dharura. Mdomo kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito: kiharusi, hata kama kimepita baada ya dakika kumi. Kwa aliye kisiwani, huu si wakati wa kungoja maji yajae ili chombo kisogee gatini. Mbebeni hadi kwenye chombo. Wilayani Kilwa hospitali ya wilaya ni Kinyonga, Kivinje. Lindi mjini ni Sokoine, hospitali ya rufaa ya mkoa. Kidonda cha mguu kisichoonyesha kupona kwa wiki mbili nacho kipelekwe, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi.

Ukifika, usiseme tu damu haitembei. Sema ni mguu upi, tangu lini, uvimbe ni wa asubuhi au wa jioni, unatembea umbali gani kabla ya maumivu, na kazi yako inakuweka katika mkao gani kwa saa ngapi. Taja dawa zote, za hospitali na za mitishamba, ukiweza uzibebe. Vaa viatu vyako vya kazini, si vile vya kutokea. Soli iliyolika upande mmoja na mshono unaobana kidole vitamwonyesha muuguzi kidonda kijacho kitatokea wapi.